Penseli ya Kampuni, Wino wa Serikali



Jumapili baada ya mechi tulibishana mpaka giza likaingia. Kaka mmoja ninayemheshimu alisema hivi: mafuta ya Ziwa Albert yakianza kutoka yatatuletea balaa kwa sababu moja tu, rushwa ni ugonjwa wa Waafrika. Akaongeza kwamba wangewaachia wazungu wasimamie, kila kitu kingenyooka. Wengi waliitikia. Mimi nilinyamaza, maana sikuwa na jibu, nilikuwa na hasira tu. Nikaenda kusoma. Leo najibu.

Hoja yangu ni moja, naisema mapema ili hata asiyefika mwisho aondoke nayo. Rushwa kwenye ofisi za serikali zinazosimamia mafuta haianzi na bahasha. Inaanza siku mkaguzi anapopanda gari la anayekaguliwa, akala chakula chake, akasaini karatasi yake. Ofisi ikishajengwa hivyo, haijalishi aliyekaa ndani ni mweusi au mweupe, mlokole au mlevi. Itaoza tu.

Kwa nini jambo hili litusumbue sisi? Fungua macho uangalie tulipo. Wengi wetu tulivuka ziwa hilo kutoka Ituri na mashua za wavuvi, tukashukia Sebagoro na kwingineko bila hata sufuria. Sasa ufukwe huohuo wa Kikuube ndio wenye visima vya mradi wa Kingfisher. Kaskazini kidogo, Buliisa na Nwoya, kuna mradi wa Tilenga, na baadhi ya visima vyake viko ndani ya hifadhi ya Murchison. Bomba la kilomita 1,443 linaanzia Hoima mpaka Chongoleani, Tanga. Na ng'ambo, upande wetu wa Congo, kuna vitalu vya mafuta katika ziwa lilelile. Maji hayajui mpaka. Kikimwagika kitu huku, kesho kiko kule. Kwa hiyo swali la nani anamkagua mchimbaji, na mkaguzi huyo analishwa na nani, ni swali letu.

1. Tuanze na wazungu, kwa kuwa ndio waliotajwa

Marekani ilikuwa na ofisi ya serikali iliyoitwa Minerals Management Service, kwa kifupi MMS. Ilianzishwa 1982. Ilipewa kazi tatu kwa pamoja: kukodisha maeneo ya bahari kwa kampuni za mafuta, kukusanya mrabaha wa serikali, na kukagua usalama wa mitambo ya kuchimba. Fedha zilizopita mikononi mwake zilikuwa wastani wa dola bilioni 13 kwa mwaka.

Hebu fikiria hapo kidogo. Ofisi moja inasifiwa kwa kuleta fedha nyingi, na ofisi hiyohiyo ndiyo inatakiwa kusema "simamisheni kisima hiki, ni cha hatari." Kila siku kisima kinaposimama, fedha hazingii. Unadhani bosi wa pale atapenda mkaguzi wa aina gani?

Septemba 2008 mkaguzi mkuu wa wizara yao alitoa ripoti. Katika ofisi ya MMS karibu na Denver, kitengo kilichopokea mafuta yenyewe badala ya fedha na kuyauza kwa niaba ya serikali, watumishi 19, karibu theluthi moja ya kitengo kizima, walikuwa wamepokea zawadi kutoka kwa kampuni za mafuta kati ya 2002 na 2006. Wawili kati yao walipokea zawadi angalau mara 135. Ripoti ilieleza pombe, kokeini, na watumishi wa serikali waliolala na wafanyakazi wa kampuni walizokuwa wanafanya nazo biashara. Walipoulizwa, utetezi wao ulikuwa kwamba kazi yao ni ya kipekee, lazima wachanganyike na watu wa soko, kwa hiyo kanuni za kawaida za utumishi haziwabani.

Si unaona? Hata huko kuna "sisi ni kesi maalumu."

Mei 2010 ikatoka ripoti nyingine, safari hii ya ofisi ya wakaguzi ya Lake Charles, Louisiana. Wakaguzi walikuwa wamepelekwa kuwinda na kuvua samaki kwa gharama za kampuni, wakapewa na tiketi za mpira. Mmoja alikagua mitambo ya kampuni fulani mara nne huku akijadiliana na kampuni hiyohiyo ili imwajiri. Kisha kuna jambo lililonifanya niandike makala hii. Mtoa habari aliwaambia wachunguzi kwamba wakaguzi wengine waliwaachia watu wa kampuni wajaze wenyewe fomu za ukaguzi kwa penseli. Halafu mkaguzi anapita juu ya maandishi yale kwa kalamu ya wino. Kwisha. Mtambo umekaguliwa.

Wachunguzi walisema kwa kuangalia fomu tu hawakuweza kuthibitisha udanganyifu, na mimi sitaongeza chumvi. Lakini mkuu wa ofisi ile mwenyewe aliwaeleza hali ilivyo: karibu wakaguzi wote wamewahi kufanya kazi kwenye kampuni za mafuta, wametoka miji ileile, wamekua pamoja na wale wanaowakagua. Hakusema kama mtu anayeungama dhambi. Alikuwa anaeleza maisha ya kawaida. Na hapo ndipo kwenye ugonjwa wenyewe: hakuna aliyejiona mla rushwa.

Ripoti hiyo ilitoka mwezi mmoja tu baada ya mtambo wa Deepwater Horizon kulipuka katika Ghuba ya Mexico, Aprili 20, 2010. Watu 11 walikufa. Mafuta yalibubujika siku 87. Sisemi wakaguzi wa Lake Charles ndio waliosababisha, mtambo ule haukuwa chini yao. Nasema ofisi iliyotoa kibali ni hiyohiyo MMS. Mpango wa BP wa kukabiliana na mafuta kumwagika katika ghuba ile uliorodhesha wanyama wa kulindwa, na ndani yake wakiwemo wanyama wa baharini ambao makao yao ni barafu ya kaskazini ya dunia, ambao hawajawahi kuishi katika maji yale ya joto. Yaani mtu alinakili karatasi ya sehemu nyingine akaleta. Na serikali ikapitisha. Kama mkaguzi angesoma ukurasa ule mara moja tu, kwa macho yake mwenyewe, angecheka akairudisha. Ilipitishwa kwa sababu kazi yake haikuwa kusoma. Ilikuwa kutia wino.

Tena walikuwa wameshaonywa. Julai 1988 mtambo wa Piper Alpha ulilipuka katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Uingereza, wakafa watu 167. Uchunguzi wa Jaji Cullen ulimalizika 1990, na Uingereza ikaondoa usimamizi wa usalama kwenye wizara ya nishati, ile yenye hamu ya mafuta, ikaupeleka kwenye ofisi ya afya na usalama kazini. Dawa ilijulikana miaka 20 kabla ya Deepwater Horizon. Marekani haikuinywa mpaka watu wake wakafa. Baada ya hapo MMS ikavunjwa, kazi zake zikagawiwa ofisi tofauti.

Kwa hiyo, kaka yangu wa Jumapili, wazungu walisimamia. Umeona.

2. Bodo: mkaguzi aliyeomba lifti

Sasa twende Nigeria, kwenye delta ya mto Niger. Agosti 2008 bomba la Shell lilipasuka karibu na mji wa Bodo, Ogoni. Desemba mwaka huohuo likapasuka tena. Watu wa Bodo ni wavuvi. Mikoko ikafa, kaa wakafa, maji yakawa meusi.

Kwa utaratibu wa kule, bomba likivuja panafanyika ziara ya pamoja: kampuni, wasimamizi wa serikali na wananchi wanaenda kuona, wanajaza fomu ya sababu na kiasi. Fomu hiyo ndiyo inaamua fidia. Kwa mvujo wa kwanza fomu ikaandikwa mapipa 1,640. Imesainiwa, imekwisha.

Baadaye wataalamu wa kujitegemea waliangalia video ya uvujaji ule. Wakakadiria kuwa kwa siku moja tu yalikuwa yanatoka mapipa kati ya 1,440 na 4,320. Na uvujaji, kwa hesabu ya Amnesty International, ulidumu siku 72. Piga hesabu mwenyewe, utapata zaidi ya mapipa 100,000. Fomu ya serikali ilikuwa imeandika kama kiasi cha siku moja.

Ilikuwaje? Mwaka 2011 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti kubwa kuhusu Ogoni, na ndani yake kuna jibu la kawaida kabisa, bila siri yoyote. Ofisi ya serikali ya kushughulikia mafuta yaliyomwagika haikuwa na uwezo wa kugundua uvujaji yenyewe. Ilisubiri kuambiwa. Na ili kufika kwenye eneo ilitegemea usafiri wa sekta ya mafuta yenyewe. Mkaguzi anampigia simu mkaguliwa: "Naomba lifti nije kukukagua."

Ripoti hiyo ilisema pia kwamba wizara inayotakiwa kuongeza mapato ya mafuta, na papo hapo kusimamia mazingira, iko kwenye mgongano wa maslahi. Tena wapimaji walikwenda kwenye maeneo 15 ambayo kampuni iliandika kuwa yameshasafishwa. Maeneo 10 yalikuwa bado na uchafu kupita kiwango. Na katika kijiji kimoja, Nisisioken Ogale, watu walikuwa wanakunywa maji ya kisima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Benzini inaleta saratani. Mama anateka, anapika uji, anampa mtoto.

Kuna kitu kimoja ambacho sisi tutakielewa kuliko mtu yeyote. Miezi baada ya maafa, kampuni ilipeleka msaada Bodo: mifuko 50 ya mchele, mifuko 50 ya maharage, sukari, nyanya za kopo. Mji wa watu karibu 69,000. Sisi tunaojua mgao tusiulizwe maana yake.

Watu wa Bodo hawakukubali. Walikwenda mahakamani London, na mwaka 2014 kampuni ikakiri kwamba kiasi kilichoandikwa kilikuwa chini ya ukweli. Januari 2015 wakalipwa pauni milioni 55. Miaka zaidi ya sita. Na kilichowaokoa hakikuwa fomu ya serikali. Ilikuwa video na wataalamu wasiolishwa na kampuni. Shikeni hilo, nitalirudia.

3. Ziwa letu

Upande wa Congo. Kitalu namba 1 cha Ziwa Albert kwanza kilisainiwa na kampuni za Tullow na Heritage mwaka 2006. Mwaka 2008 serikali ikakigawa kwa kundi lingine la kampuni. Juni 2010, kwa amri ya rais, vitalu namba 1 na 2 vikapewa Caprikat na Foxwhelp, kampuni changa zilizosajiliwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza, zisizo na historia ya kuchimba mafuta popote. Bibi mmoja, mahari tatu. Baadaye vitalu hivyo vikahusishwa na mfanyabiashara Dan Gertler. Desemba 2017 Marekani ilimwekea vikwazo ikisema alijitajirisha kwa mikataba ya madini na mafuta iliyojaa giza na rushwa nchini Congo. Yeye anakana. Mwaka 2022 akafikia makubaliano ya kurudisha mali hizo kwa serikali. Miaka 12 imepita, mafuta hayajatoka hata kikombe.

Mwaka huohuo wa 2022 Kinshasa ikafungua mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, vingine vikigusa hifadhi ya Virunga. Oktoba 2024 mnada wa mafuta ukafutwa na waziri mwenyewe, kwa sababu ya maombi machache na mapungufu mengine. Mwaka 2025 vikatangazwa vitalu vipya 52. Sasa niulize kama mtoto wa Ituri: ofisi inayogawa, inafuta, na kugawa tena hivi, itamkagua nani? Mkaguzi wa kesho atakuwa ni karani wa mgawaji wa leo. Na sisi tunajua matabishi yanavyopanda ngazi: karani anakula ya karani, mkurugenzi anakula ya mkurugenzi.

Upande wa Uganda niseme kwa haki, maana tumepokelewa hapa na ukweli hauna uraia. Kwenye karatasi Uganda ilijifunza. Sheria ya 2013 ilitenganisha kazi: wizara inapanga sera, mamlaka ya petroli inasimamia, kampuni ya taifa inafanya biashara. Hilo ni jema kuliko MMS ilivyokuwa.

Lakini Januari 2017 nchi nzima ikasikia habari ya shilingi bilioni 6 walizogawiwa maofisa 42 wa serikali. Ilikuwa zawadi ya rais, kwa kuwa waliisaidia serikali kushinda kesi ya kodi ya mafuta London. Watu wakaiita "handsheki," mkono wa pongezi. Bunge likachunguza. Watetezi walisema ni motisha kwa watu waliofanya kazi nzuri. Mimi sisemi maofisa wale waliiba. Nasema jambo moja: walikuwa na mshahara wa kazi ileile. Mtumishi wa umma akishazoea kwamba juu ya mshahara kuna mkono wa pongezi kutoka kwa mkubwa, siku inayofuata atafanya kazi akiangalia mkono, haangalii sheria. Leo mkono ni wa rais. Kesho utakuwa wa nani?

Na maswali ya kila siku ya ufukweni bado yapo. Anayepima maji ya ziwa karibu na visima ni nani? Anakuja na mashua ya nani? Sampuli inapelekwa maabara ya nani? Majibu yanabandikwa wapi, na kwa lugha gani? Sijasema kuna uovu. Nimeuliza tu. Ila kwa Bodo tumejifunza kwamba maswali haya yasipojibiwa kabla, yatajibiwa baadaye na mahakama.

4. "Tutafute watu waadilifu"

Najua jibu la wazee wetu: tatizo ni mioyo, tuweke watu wacha Mungu. Nawaheshimu wazee, ila hapa nakataa.

Chukua kijana mwadilifu kabisa, mtie kwenye ofisi isiyo na gari. Kisima kiko kilomita 80. Kampuni ina gari la kiyoyozi, ina chakula cha mchana, ina mtafsiri, ina fomu imeshachapwa. Afanye nini, atembee kwa miguu? Atapanda. Mara ya kwanza atakataa soda. Mara ya tano ataona ni ukorofi kukataa. Mara ya ishirini anajua majina ya watoto wa meneja. Hakuna siku hata moja aliyoamka akasema leo nakula rushwa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Na mimi naongeza: mkono unaokupakulia kila siku, huwezi kuuma.

Uadilifu wa mtu mmoja ni taa ya kibatari kwenye upepo. Sheria nzuri na bajeti ndiyo ukuta. Wanaotuhubiria maadili bila kumpa mkaguzi gari lake, wanataka tuendelee kuwalaani watu ili tusiiguse mifumo.

5. Sasa tujiangalie sisi

Hapa ndipo nitakosana na wengi, lakini nitasema.

Nyie wa mashirika. Mgeni wa mfadhili anapokuja kukagua mradi wenu, anapanda gari la nani? Anapewa mtafsiri na nani? Orodha ya "wanufaika" atakaozungumza nao ameitengeneza nani? Sisi tunaijua siku ya wageni. Vyoo vinaoshwa, bomba lililokauka linapata maji asubuhi hiyo, na mama anayejua kusema vizuri ndiye anayewekwa mbele. Mgeni anaondoka na picha. Fomu imejazwa kwa penseli yenu, yeye ametia wino.

Na matokeo tuliyaona hapa Uganda mwaka 2018, ilipobainika kuwa idadi ya wakimbizi imejazwa majina hewa. Maofisa wakasimamishwa kazi, baadhi ya wafadhili wakashika fedha zao, kukafanyika uhakiki wa alama za vidole kambi zote. Waliokula walikuwa wachache. Waliosimama foleni juani ni sisi. Majina yale hewa hayakuingia kwenye orodha usiku mmoja. Kuna watu walisaini.

Na sisi vijana. Nisijifanye msafi. Mwaka jana nilisaini orodha ya mahudhurio ya mafunzo ya siku tatu. Mafunzo yalikuwa ya siku moja. Karatasi mbili za ziada zilikuwa zimeshaandikwa majina yetu, kilichobaki ni sahihi. Nilipata nauli, soda na kitabu cha kuandikia. Shirika silitaji. Nilijiambia: kwani nimeiba nini, wakubwa wanakula mamilioni. Ni wiki ile tu niliyosoma habari ya penseli ya Louisiana ndipo nikaiona karatasi ile tena mbele yangu. Wao waliandika, mimi nikatia wino. Tofauti yangu na mkaguzi wa mafuta ni kwamba yeye alipelekwa kuwinda na mimi nilipewa Mirinda.

Siku moja mmoja wetu atarudi Bunia au Mahagi, atapata kazi kwenye ofisi ya mazingira, na atawekewa fomu mbele. Mkono wake utakuwa umeshazoea nini? Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko kampuni yoyote.

6. "Wakimbizi mafuta yanatuhusu nini?"

Wengine wataniambia ninyamaze, sisi ni wageni, siasa si yetu. Ni kweli hatupigi kura, na sijamwomba mtu aandamane. Lakini maji tunayokunywa si siasa. Muziri tunaonunua ufukweni si siasa. Ardhi tutakayorudia ng'ambo si siasa. Watu wa Bodo walikuwa raia, wana kadi za kura, wana wabunge, na bado fomu ya uongo ilisainiwa juu ya vichwa vyao. Asiye na kura anahitaji mkaguzi wa kweli kuliko mwenye kura, kwa sababu hana pengine pa kukimbilia.

Kwa hiyo tunadai mambo haya, upande huu wa ziwa na upande wa pili, na hakuna hata moja la kuangusha serikali:

Kwanza, anayekusanya fedha za mafuta asiwe ndiye anayekagua usalama na mazingira. Kazi mbili, ofisi mbili, wakubwa wawili. Uganda imeanza kwa sheria, Congo ianze kabla ya kisima cha kwanza cha ziwani.

Pili, mkaguzi awe na gari lake, mashua yake na maabara yake, kwa fedha za bajeti. Kama ni lazima kampuni zichangie, zichangie kwenye mfuko mmoja kwa mujibu wa sheria, isiwe lifti na chakula cha mchana.

Tatu, mikataba na kila ripoti ya ukaguzi ibandikwe hadharani, pamoja na vipimo vya maji, kwa Kiswahili na lugha za ufukweni. Ripoti iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu.

Nne, anayetoka kwenye ukaguzi asiajiriwe na kampuni aliyoikagua mpaka miaka kadhaa ipite. Na kila zawadi iandikwe kwenye daftari, hata kama ni soda.

Tano, wavuvi na wakazi wa ufukweni, wakimbizi wakiwemo, wawepo wakati wa ukaguzi na wabaki na nakala ya fomu siku hiyohiyo. Fomu isijazwe kabla ya kufika.

Na yetu sisi ni haya. Tuna simu. Bodo ilishinda kwa sababu kulikuwa na video ya mvujo, si kwa sababu kulikuwa na watu wenye hasira. Nimeongea na wenzangu wanne, tunaanza daftari la ziwa: tarehe, mahali, rangi ya maji, samaki waliokufa, harufu, picha. Tutaandika hata siku ambazo hakuna kitu, maana bila kujua maji yalivyokuwa kabla, hutaweza kuthibitisha yalivyoharibika baada. Anayetaka kujiunga aje Jumapili, baada ya mechi, palepale tulipobishana. Kaka wa Jumapili naye nimemwalika. Amesema atakuja kunipinga. Aje, na aje na kalamu.

Na karatasi ya mahudhurio tukiletewa yenye siku ambazo hazikuwepo, tusisaini. Tutakosa nauli, ndiyo. Tutarudi kwa miguu.